Lazarus, Beseni Jekundu na Vioo vya Pikapu Yangu

Mara ya kwanza kuongea na Lazarus Okwemba alikuwa amelala chali chini ya lori, kando ya barabara pale Satellite, na hakujisumbua kutoka. Nilibishana bei na viatu vyake.

"Vioo viwili vya pembeni, milango miwili. Kutoboa na kufunga. Pesa ngapi?"

"Gari gani, mama?" viatu vikauliza.

"Datsun pikapu. Ya zamani."

"Vioo uko navyo?"

Nilikuwa navyo. Nilikuwa nimevinunua asubuhi hiyo mjini, Kirinyaga Road, vya mkono mrefu wa chuma, baada ya kutoka dukani mara mbili na kuitwa nirudi mara mbili. Lazarus akataja bei. Nikataja nusu yake. Akaendelea kugonga chuma, nikaongeza kidogo.

"Sawa, leta Ijumaa asubuhi," akasema. "Lakini kuja na dereva."

Hilo la mwisho sikulitilia maanani. Katika biashara, maneno yanayokuja baada ya "sawa" huwa ya kusindikiza mgeni tu.

Mimi nauza maji ya kunywa, ile mitungi mikubwa ya lita ishirini. Nilianza na mkokoteni, nikausukuma mwenyewe miaka minne kabla ya kununua pikapu. Mwaka huu nikapata kazi ya kupeleka maji kila asubuhi kwenye jumba la ghorofa kumi na mbili Kileleshwa. Wiki ya pili tu, dereva wangu Norman akirudi nyuma kule pakingi ya chini, akakwaruza gari la mpangaji. Pikapu haikuwa na kioo cha pembeni hata kimoja. Kiragu, msimamizi wa jumba, alinipigia simu.

"Ijumaa saa nane leta hiyo gari ikiwa na vioo. Dereva arudi nyuma nikiona na macho yangu. Ikishindikana, Wangeci, kuna mtu wa maji hunipigia kila siku."

Kwa hiyo Ijumaa saa tatu nilikuwa kwa Lazarus. Norman nilimwacha dukani kwangu, mtaa wa Woodley, akijaza mitungi. Mtu ninayemlipa hawezi kukaa akitazama mlango ukitobolewa.

Safari hii Lazarus alikuwa amesimama: mtu mfupi, mpana, anayechechemea mguu wa kushoto. Akazunguka pikapu, akachungulia ndani.

"Dereva ako wapi?"

"Dereva wa nini? Milango si hii hapa?"

"Mama, kioo si ya mlango. Kioo ni ya macho. Bila dereva sitoboi."

Nikatazama saa. Kumfuata Norman na kurudi, kwa msongamano wa Ngong Road, ni asubuhi nzima. Leseni ninayo. Nikasema, "Dereva ni mimi."

Akanikagua. "Wewe mwenyewe? Kila siku?"

"Kila siku."

"Haya, ingia. Keti vile huketi."

Nikavuta kiti mbele, nikaweka mto wangu, kwa sababu bila mto naona usukani tu. Lazarus akashika kioo kwa mkono mmoja mlangoni, mkaa wa kuchorea kwenye mkono mwingine, akaita, "Everlyn! Beseni!"

Everlyn ni mkewe, anauza uji hatua tano kutoka hapo. Akaja na beseni jekundu kichwani, akaanza kutembea polepole kuzunguka nyuma ya pikapu.

"Unamwona?" Lazarus akauliza.

"Namwona."

"Saa hii?"

"Namwona."

"Saa hii?"

"Amepotea."

"Hapo ndio mtu hufia," akasema, akasogeza kioo upana wa kidole. "Everlyn, rudia."

Everlyn akarudia. Akarudia mara ya sita, ya tisa. Nikaacha kuhesabu. Wateja wa uji walikuwa wakijipakulia wenyewe. Saa tano ikafika na mlango haujaguswa na kekee.

"Fundi, unafunga kioo ama unanishonea suti?"

"Mvumilie tu, mama," Everlyn akajibu chini ya beseni. "Kitanda yetu alipima siku mbili. Nililala chini."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, Kiragu alikuwa ananingoja saa nane. Nikamwambia Lazarus mafundi wengine hufunga vioo viwili kwa nusu saa. Akanijibu akichora mkaa wake.

"Nilikuwa turnboy, msaidizi wa dereva, kwa lori ya miwa huko kwetu. Haikuwa na vioo. Mimi ndio nilikuwa kioo. Nikigonga bodi mara moja, simama. Mara mbili, rudi. Siku moja mtu wa kuuza njugu akagonga mara mbili akiita wateja. Dereva akarudi. Mguu wangu ulikuwa hapo."

Kila fundi ana hadithi ya kukufanya ulipe bila maswali, na nilidhani hiyo ndiyo yake. Lakini bei hakuipandisha hata shilingi. Alitoboa matundu manane, akapaka kila tundu rangi kwa ncha ya njiti lisishike kutu, akakata mpira wa tyubu ya baiskeli kuweka chini ya kila mguu wa kioo. Alipokaza nati ya mwisho ilikuwa saa saba kasoro. Nikaketi, nikatazama. Niliona mpaka kwato za mbuzi aliyekuwa akipita nyuma.

Nikapitia dukani Woodley, nikambeba Norman. Norman ni mrefu kama nguzo ya stima. Akatoa mto wangu, akasukuma kiti nyuma mpaka mwisho.

"Madam, hii kioo ya kulia nusu imefichwa na nguzo ya dirisha."

"Inama."

"Nikiinama goti inagonga usukani."

"Basi nyoosha shingo, Norman, Mungu alikupa ndefu!"

Kule Kileleshwa Kiragu aliweka mtungi mtupu nyuma ya pikapu, akarudi pembeni akakunja mikono. Norman akanyoosha shingo, akarudi nyuma taratibu, akaukanyaga mtungi mpaka ukalia.

"Huyo alikuwa mtoto," Kiragu akasema, akatoa simu mfukoni. Nilijua anampigia nani.

"Ngoja!" Nikamtoa Norman kwenye kiti, nikaweka mto, nikavuta mbele. Nikarudi nyuma katikati ya nguzo mbili, nikasimama shubiri moja kutoka mtungi wa pili. Kiragu akazunguka, akainama, akapima kwa mkono. Akarudisha simu, akafungua kitabu cha geti.

"Nimeandika Wangeci. Hiyo gari ikija na mtu mwingine, askari hafungui."

Jumatatu nilirudi Satellite nikifoka. "Lazarus, hamisha hivi vioo. Toboa nyuma kidogo."

"Mama, uliniambia dereva ni nani?"

Nikataja bei yake ya kwanza, nzima, bila kupunguza. Sijafanya hivyo tangu nianze biashara. Akatikisa kichwa.

"Mlango si chungio. Maji itaingia, kutu itakula, na watu watasema ni kazi ya Lazarus."

Milango ni yangu na kutu ingekuwa yangu, kwa hiyo sikwenda kwa fundi mwingine. Kazi ya Kileleshwa ninayo. Kila asubuhi naendesha mwenyewe, na kwa miezi saba sijagusa gari la mtu. Norman amepata kazi ya kuendesha basi la shule. Dukani Woodley, wateja wa jumla wanaokuja asubuhi wanakuta mlango umefungwa, na wengine wamehamia kwa jirani. Nilipata jumba moja, nikapoteza dereva na nusu ya asubuhi zangu.

Lazarus naye ametundika bati lililoandikwa kwa rangi nyekundu: LETE DEREVA NA LESENI YAKE. Hata mwenye gari akija peke yake anaulizwa anaendesha siku ngapi kwa wiki. Everlyn ananiambia wengi wakisoma bati wanavuka barabara kwa fundi wa nusu saa. Nilipopita juzi Lazarus alikuwa amelala chini ya gari, na kazi ya vioo hakuna. Nikapiga honi. Viatu vikanisalimia.