Siku Tuliyompokea Ofisa kwa Ngoma

Aliyevunja tamasha letu ni ofisa wa tarafa. Si mvua, si hitilafu ya umeme, wala si vijana wakorofi kama ilivyotangazwa baadaye. Ni yeye, akisaidiwa na adabu yetu sisi wenyewe. Nilitumikia ofisi za utawala, Embu kwanza na kisha Meru, hadi nilipostaafu, na ninajua jinsi jambo linavyogeuzwa likiachwa bila kuandikwa. Kwa hiyo ninaliandika kama nilivyoliona.

Tamasha lilikuwa la kumchangia mama mmoja wa mtaa wa Majengo, fundi wa cherehani, apate ada ya wakili. Mwanawe alichukuliwa na wanaume wenye bunduki kutoka chumba chake cha kupanga, siku chache baada ya maandamano ya vijana. Mama alizunguka vituo vya polisi, na kila kituo kilimjibu kwamba kijana hayuko. Katiba inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani upesi. Hapa hata kukamatwa kwenyewe kulikanwa. Wakili alikuwa tayari kupeleka ombi ili serikali iamriwe kumtoa kijana hadharani, lakini kazi hiyo ina gharama ambayo cherehani haiwezi kuibeba.

Wasanii walijitolea. Mwalimu mmoja wa Kianjai, ambaye huimba kwa Kimeru, alikuja na gitaa lake. Akina mama wa Manyatta walitoka upande wa Embu na ngoma zao, wakiacha kahawa ikiiva mashambani. Mimi nilipeleka taarifa polisi mapema, ikapokelewa na kugongwa muhuri. Sheria inataka taarifa. Haituamuru kuomba ruhusa. Ratiba iliwatanguliza wasanii, kisha mama azungumze, ndipo mchango ufuate.

Akina mama wa Manyatta walikuwa jukwaani, katikati ya wimbo, gari la serikali lilipoingia uani mwa ukumbi. Hatukuwa tumemwalika mwenye gari. Lakini kwetu kila mtu anajua la kufanya gari la namna hiyo likiingia: shughuli husimamishwa, wachezaji hutoka hadi mlangoni mwa gari, na mkubwa huletwa jukwaani akichezewa. Tumefanya hivyo kwenye uzinduzi wa miradi ya maji, kwenye ufunguzi wa madarasa, hata mazishini. Mshereheshaji wetu, mzee wa kanisa, hakusita.

"Akina mama, tokeni mkampokee mgeni wetu," alisema kwenye kipaza sauti.

Kiongozi wa wachezaji, mama wa rika langu, alisimama palepale. "Mgeni wa nani? Si huyu ndiye mkubwa wa wale wanaosema hawamjui mtoto?"

"Mama, tusimwaibishe mtu mbele ya watu. Tokeni kwanza, tutaongea baadaye."

"Haya. Lakini ujue leo ni miguu tu inatoka. Mimi nimebaki hapa."

Watu walicheka, naye akatoka. Wakamzunguka yule bwana kwa njuga na vigelegele. Mwalimu wa Kianjai, aliyekuwa kando yangu akingoja zamu yake, alirudisha gitaa kwenye mfuko.

"Mzee, mimi siimbi tena leo."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Wewe ulikuwa serikali. Ulishawahi kuona mkubwa akipewa maiki, akairudisha?"

Nilitazama jukwaani; ofisa alikuwa ameshaishika maiki.

Ofisa alianza kwa kusema hana mengi. Akazungumzia maziwa, miraa, barabara, pombe haramu na faida za amani. Jua lilipoanza kuondoka madirishani akafika kwenye malezi.

"Wazazi, angalieni watoto wenu. Ujue mtoto wako yuko wapi."

Mama wa Majengo aliinuka kwenye mstari wa mbele. Hakuwa na kipaza sauti.

"Bwana ofisa, mimi naangalia. Nionyeshe pa kuangalia."

"Mama, hayo ni mambo ya ofisini. Njoo Jumatatu."

"Nilikuja Jumatatu. Niliambiwa uko mkutanoni."

"Basi njoo Jumanne."

"Jumanne uliniona kwa dirisha, ukavuta pazia."

"Mwambie, mama!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

Ofisa alitabasamu, akatazama saa yake. Alisema muda ulioandikwa kwenye taarifa yetu umekwisha, na kwamba yeye, akiwa mlinzi wa sheria, hawezi kukaa akituona tukiivunja. Alitushukuru kwa mapokezi mazuri. Askari wake walichomoa nyaya za spika. Muda huo ulikuwa umemalizwa na yeye mwenyewe, na kila aliyekuwa ukumbini alilijua hilo.

Kiongozi wa wachezaji alianza kupiga ngoma ili watu wasitawanyike kabla mama hajazungumza. Askari waliichukua ngoma mikononi mwake, wakaipakia garini. Watu walianza kutoka, kwanza mmoja mmoja, kisha wote.

"Ningefanyaje?" mshereheshaji aliniuliza. "Ni kiongozi."

Yule mama wa Manyatta alikaa kwenye ngazi, akafungua njuga zake. "Nimecheza tangu nikiwa msichana," alisema, bila kumtazama yeyote. "Leo nimemchezea mtu aliyemficha mtoto wa mwenzangu."

Mchango haukufanyika. Ombi halijapelekwa mahakamani. Mama wa Majengo bado anashona sare za shule, na jioni hunipigia simu kuuliza kama kuna habari. Mimi humwambia bado, naye hunishukuru, na shukrani hiyo ndiyo inayonichosha kuliko yote.

Kwa sababu hizo, ninamtaka ofisa wa tarafa ajibu kwa maandishi, kwa jina na sahihi yake. Aeleze ni sheria ipi iliyomruhusu kufunga mkutano uliotolewa taarifa. Aeleze ngoma ya akina mama wa Manyatta iko wapi, na airudishe. Na kabla ya hayo yote, aseme kijana yuko wapi, nani anamshikilia, na atafikishwa mahakama ipi. Jibu lisiletwe kwangu. Lipelekwe Majengo, kwa mama yake.