Aliyepiga Deki Benki

Mkwe wangu Randall Vasek ni mtu wa kukera. Nasema hivyo kwa sababu nampenda, na kwa sababu tunakaa nyumba moja tangu mume wangu afariki, kwa hiyo haki ya kumsema ninayo. Hapa kwetu Nebraska ukimuuliza mtu hali, atakujibu si mbaya, hata kama paa linaungua juu ya kichwa chake. Randall alikwenda jeshini na tabia hiyo, na jeshi likamwongezea.

Bomu lililotegwa barabarani kule Iraki halikumtoa hata tone la damu. Lilimwachia kipandauso tu. Ati tu! Kikimshika, jicho la kushoto linaona nusu ya vitu, ulimi unakuwa mzito, anatapika mpaka nyongo. Halafu anateremka kwenye chumba cha chini ya nyumba, anajilaza juu ya saruji, kwa kuwa kule kuna baridi na hakuna dirisha. Hataki mtu amwone. Binti yangu Marlys anamtoa mbwa nje na kuzima simu, na sisi wengine tunatembea kwa soksi. Inaweza kuwa siku moja, inaweza kuwa tatu.

Sasa, kazi yake ilikuwa usafi. Alikuwa na mikataba ya kusafisha benki na kanisa letu, jioni watu wakishatoka. Benki haiulizi kichwa cha nani kinauma, inataka sakafu ing'ae. Marlys ni muuguzi na zamu zake ni za jioni. Unadhani ndoo ilibebwa na nani? Mimi hapa, na magoti yangu haya mabovu. Sikulazimishwa na mtu. Nimefanya usafi shuleni miaka chungu nzima, deki hainishindi. Ila Randall aliniomba nisimwambie yeyote. Alisema hawezi kutembea mjini watu wakijua kwamba yeye amelala na mama mkwe wake anasugua choo cha benki. Nikakubali kunyamaza, na kunyamaza si kipaji changu.

Basi alipoomba fidia, ofisi ya wanajeshi wastaafu ikakiri kwamba kichwa kiliharibikia vitani, lakini ikasema hakimzuii kufanya kazi, maana mikataba ipo na hajakosa hata siku moja. Wakampa fidia kidogo isiyomwezesha kuacha hata kazi moja. Akakata rufaa. Bwana Kubicek, mzee wa chama cha wastaafu aliyekuwa akimsimamia bila malipo, alitueleza wazi kwamba kila kitu kinategemea jinsi Randall atakavyojieleza mbele ya hakimu. Nikasema moyoni, tumekwisha.

Siku ya rufaa kusikilizwa alinyoa ndevu, akapiga pasi shati, akang'arisha viatu. Ungedhani anakwenda kuoa. Nikamwambia avae basi kama mgonjwa. Akacheka, akanibusu kwenye paji la uso.

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani, alitokea kwa video kwenye skrini ukutani. Akamuuliza Randall anaendeleaje. Akajibu si mbaya. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akaulizwa amekosa kazi siku ngapi kwa mwaka mzima.

"Hakuna, mheshimiwa. Kazi zote zilifanyika."

Hakuwa akidanganya, punguani wangu yule. Zilifanyika kweli. Bwana Kubicek akainamisha kichwa. Mimi nikaiona miaka yote iliyobaki, yeye sakafuni na mimi na ndoo, mpaka mmoja wetu azikwe. Nilikuwa nimeandikishwa shahidi nieleze namna anavyoumwa nyumbani, basi. Nikaomba ruhusa ya kusema.

"Mheshimiwa, zilifanyika kwa sababu nilizifanya mimi."

"Mama," Randall akasema kwa sauti ya chini, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana, na nimeshindwa, mwanangu. Nisamehe."

Nikamwaga yote. Vyoo vya benki, madirisha ya kanisa, na ile wiki ya Krismasi nilipomaliza kufagia nikakaa benchi la nyuma la kanisa kwa sababu magoti yalikataa kunirudisha nyumbani. Hakimu hakunikatiza. Nilipomaliza akamuuliza Randall kama ni kweli. Akanigeukia mimi, si hakimu.

"Namsikia akirudi," alisema. "Nikiwa kule chini namsikia akipanda ngazi za barazani. Anapanda moja, anapumzika. Anapanda nyingine, anapumzika. Nataka kwenda kumpokea ndoo na siwezi hata kufungua macho. Kichwa nimekizoea, mheshimiwa. Hilo sijalizoea."

Akalia, na shati lake la pasi. Mimi nililia zaidi yake, na Bwana Kubicek akapenga kamasi kwa kelele. Hakimu aliinamia karatasi zake akaandika kwa muda mrefu, kisha akatushukuru kwa upole.

Jibu lilichukua miezi. Nilikuwa nimeshaanza kuwatukana wote kimoyomoyo lilipokuja, na lilikuwa zuri: walikubali kwamba kichwa kile hakimwachii mtu nafasi ya kufanya kazi, wakampandishia fidia. Marlys alilisoma mara mbili kwa sauti. Kesho yake Randall alikwenda mwenyewe kurudisha funguo za benki na za kanisa.

Wiki ile ile kipandauso kikamshika tena, maana hukumu si dawa. Marlys alikuwa kazini. Nikachukua barafu ndani ya taulo, nikateremka kule chini, mahali ambapo sikuwahi kukanyaga akiwa anaumwa. Akauliza ni nani. Nikamwambia ni mimi, na kama anataka niondoke aseme. Alijisogeza kidogo juu ya saruji, akanipa nafasi.

"Kaa, mama."

Nikakaa, magoti yakilalamika, naye akaegemeza kichwa mapajani mwangu. Nikamwekea barafu kwenye jicho. Taratibu pumzi yake ikatulia, akalala. Nilibaki pale pale mpaka Marlys aliporudi, kwa kuwa jioni ile sikuwa na sakafu ya mtu ya kwenda kusafisha.