Kuku ndiye aliyetangulia kutembea

Juma hili, kwenye foleni ya kusafisha vidonda katika hospitali moja ya Himbi, mfugaji mzee kutoka Masisi alikaa amenyoosha mguu wenye vyuma. Pikipiki ilimvunja. Fundi wa mifupa wa kijijini alimfunga, kisha, kama ilivyo desturi, akamvunja kuku mguu na kumfunga vilevile: kuku akitembea, mgonjwa naye akanyage.

"Kuku ilitembea, na mimi nikakanyaga," alisema. "Mwaka muzima usaha inatoka tu."

Daktari aliyempasua na kuutoa mfupa uliooza akamwonyesha picha ya eksirei ya mguu.

"Papa, usikanyage mpaka picha ikubali."

Mzee aliigeuzageuza, akairudisha.

"Dokta, ile kuku niliiona na macho yangu, inatembea."

Daktari yuko sahihi. Ila kule kwa mzee hakuna mashine ya picha, na kuku wapo.