Matundu Manne ya Boti la Baba Mkwe

Boti la baba mkwe wangu lilikuwa limekaa juu ya magogo kando ya zizi, huko Nyarero, ambako mtu akitaka kuona ziwa lazima atafute gari. Alilipeleka huko kwa lori mwaka alioacha uvuvi. Wanakijiji walicheka sana. Mkurya mwenye ng'ombe kwenda kuvua samaki kulikuwa kituko cha kwanza, na kurudi na boti mlimani kulikuwa cha pili.

Jirani mmoja alikuwa hachoki. Kila mvua ilipoanza alisimama kwenye ua na kupaza sauti: "Nuhu! Mvua ndiyo hiyo, mbona hupakii wanyama?"

Naye mzee alimjibu kutoka ndani: "Nimeshapakia wote. Umebaki wewe, na punda nilishapata."

Kutoka ndani, kwa sababu mzee alikuwa akiishi humo. Boti lile lilikuwa na kibanda cha mbao, kirefu cha kutosha mtu kulala akiwa amenyoosha miguu. Miaka yote ya uvuvi alilala humo akilinda nyavu zisiibiwe. Alipostaafu, kitanda cha nyumbani kilimshinda. Alisema nyumba haina pumzi. Akahamishia blanketi zake botini, na masika yalipofika na baridi yake alianza kuingia na jiko la mkaa.

Hilo ndilo lililotupeleka. Mimi ni fundi wa mbao katika kambi moja ya watalii upande wa Ikoma. Mwezi wa nne wageni hupungua kwa sababu ya mvua, na mwaka huo nilipata likizo ya wiki tatu. Mke wangu alikuwa ameshapigiwa simu mara kadhaa na mama yake: baba yako anaamka na kichwa kinamuuma, anatapika, anakohoa, na matundu ya hewa ya kile kibanda yamekufa yote. Mume wako si fundi?

Tulifika jioni. Kesho yake asubuhi mama mkwe alitoa maelezo kamili. Alikuwa akichambua maharage, amenipa mgongo. Mke wangu alikaa katikati yetu. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka hapo, nimeangalia zizi.

"Mwambie mume wako matundu yako manne," alisema. "Mawili kila upande."

"Anasema matundu yako manne," mke wangu aliniambia.

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia."

"Mwambie baba yako siku moja atakufa kama panya kwenye mtungi."

Mama akaongeza: "Hilo usimwambie. Hilo nimeongea mwenyewe."

Nilimwuliza mke wangu, kwa sauti ya kufika mbele, kama mama anajua hali ya kibanda kwa ndani. Jibu lilirudi kwa njia ileile. Yeye hakuwahi kukanyaga boti lile na hatalikanyaga. Lilimnyang'anya mume akiwa kijana, na sasa linamnyang'anya akiwa mzee.

Hapo ndipo penye shida yangu yote, kwa hiyo naieleza mapema. Kwetu Ikoma na kwao Nyarero tunatofautiana mambo mengi, ila hili hatutofautiani: mwanamume aliyeoa haingii anapolala baba mkwe wake. Haingii, hachungulii, haulizi kinachofanyika humo. Kibanda kile kilikuwa chumba cha kulala. Kwamba kiko juu ya boti hakukubadilisha kitu.

Nilimwendea mzee, nikasimama chini karibu na ubavu wa boti. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na randa?"

"Nimekuja nayo."

"Basi nje ni kwako, ndani ni kwangu. Tutaelewana."

Mimi huandika. Tangu chuo cha ufundi ninabeba daftari dogo mfukoni, naandika vipimo na kila ninachokiona kwenye kazi, maana mbao husahaulisha. Siku ya kwanza niliandika hivi: tundu la kwanza kushoto, luva tano (vibao vya mshazari vya kupitisha hewa), tatu zimeoza, nyigu wamejenga. La pili, rangi imeganda, luva hazionekani. Kulia, la kwanza limejaa lami. La pili halina luva, limezibwa kwa gunia. Mikanda ya mbao ya urembo inayozunguka kibanda imepasuka sehemu saba, na juu ya mlango haipo kabisa.

Fremu za matundu zilikuwa zimekazwa kwa skrubu kutokea nje. Hilo lilikuwa ahueni. Nilizifungua moja moja, na kila nilipotoa fremu mzee alitundika kitenge upande wake. Tulifanya kazi hivyo, yeye kule na mimi huku, kitambaa kati yetu.

"Mkwe," angesema, "hao watalii wenu wanalala kwenye nyumba za mbao?"

"Ndiyo, baba. Za mbao na turubai."

"Na wanalipia?"

"Wanalipia."

"Mimi nalala bure na mnasema nimechanganyikiwa."

Mbao nilipata kutoka kwenye kitanda cha mvule kilichovunjika, kilichokuwa kimetelekezwa ghalani. Mvule wa zamani ni mgumu, randa inalia, lakini ukishalainika unashika vanishi kama ngozi inavyoshika mafuta. Nilikata luva ishirini, unene sawa, na kuziinamisha kuelekea nje ili mvua iteleze na hewa ipite. Luva nzuri huruhusu pumzi na kuzuia macho. Kwa kazi ile nilishukuru kwamba ziko hivyo.

Siku ya tisa matundu yote manne yalikuwa yamerudi mahali pake. Kesho yake asubuhi niliweka kiganja kwenye luva za kushoto, mzee akiwa ndani na jiko lake. Hewa ya vuguvugu ilitoka, ina harufu ya mkaa na blanketi. Upande wa kulia hewa baridi ilikuwa ikiingia. Kibanda kilikuwa kinapumua. Niliandika: "kinapumua". Asubuhi mbili mfululizo mzee aliamka bila kichwa kuuma, na mama mkwe, kupitia binti yake, alinitumia kuku.

Nikaanza mikanda ya urembo. Hii haikuwa na haraka yoyote, nakiri. Lakini watu walikuwa wameanza kupita kuangalia, na jirani wa Nuhu mwenyewe alisimama siku moja bila utani, akapitisha kidole kwenye kona niliyounganisha, akasema, "Hapa hata wembe hauingii." Nilipenda kusikia hivyo. Nilitia msasa mara tatu mahali ambapo mara moja ingetosha.

Siku ya kumi na moja baridi ilishuka kali. Upepo ulikuja na manyunyu ya ubavu, wa kupenya sweta. Nikiwa napaka vanishi kwenye kona ya nyuma nilisikia nyundo ndani. Niliandika, kwa sababu naandika kila kitu: "Saa tatu. Anagonga ndani. Misumari midogo." Nilidhani anatundika taa. Mke wangu alipita na ndoo, naye akasikia, akaniangalia. Nikainua mabega.

Ningeweza kuuliza. Sentensi moja tu: baba, unagonga nini? Lakini hiyo ilikuwa kuuliza kinachofanyika chumbani kwake, na nilikuwa nimekaa kwenye ua wa watu siku kumi na moja bila kosa, nikisifiwa adabu zangu kuliko kona zangu. Nikachovya brashi.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, mvua ilianza kumwagika. Mke wangu alikuwa ameshuka gulioni. Mzee alipita na jiko lililokwisha kushika moto, akafunga mlango. Mimi nilijibanza chini ya bati la zizi, nikingoja mvua ipungue nimalize mkanda wa juu ya mlango, wa mwisho.

Ilipopungua nilirudi. Nilipofika ubavuni niliweka kiganja kwenye luva, kwa mazoea tu. Hakuna kitu. Nikaweka kwenye tundu la pili. Mbao ilikuwa baridi kama jiwe. Nikazunguka upande wa pili, vilevile.

"Baba!"

Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwenye ukingo.

"Baba, ni mimi."

Hapa nataka kusema ukweli kwa mpangilio, kwa sababu nimeurudia kichwani mara nyingi na kila mara nashawishika kuufupisha. Mlango ulikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Haukuwa na kufuli. Sikwenda mlangoni. Nilichukua patasi na nyundo kwenye kikapu changu, nikaanza kubomoa tundu la kwanza kushoto kutokea nje. Nilivunja luva zangu tano moja baada ya nyingine ili hewa imfikie bila mimi kuingia. Ya tano ilipotoka, patasi iligonga chuma. Nyuma ya luva kulikuwa na bati la debe la mafuta, limepigiliwa kutoka ndani kwa misumari midogo, pande zote nne.

Nikaelewa nyundo ya jana. Matundu yalikuwa yanafanya kazi vizuri mno. Baridi ya mlimani ilikuwa inamwingia usiku kucha, naye akaifanyia alichojua.

Hata hapo sikwenda mlangoni. Nilikimbilia jikoni. Mama mkwe alikuwa amechutama mbele ya mafiga, na mimi, bila mke wangu kuwa katikati, nilimwambia usoni: "Mama, baba haitiki."

Aliinuka. Aliniangalia machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu niliposimama mbele yake na ng'ombe wa mahari. "Na wewe umekuja kwangu kufanya nini? Ingia!"

Niliingia. Kulikuwa na joto zito, bila moshi wowote. Mzee alikuwa amelala ubavu karibu na jiko, amevaa fulana peke yake, blanketi limeanguka. Nilichokiona kingine sitakiandika. Nilimkumbatia kwapani, nikamvuta hadi nje kwenye tope, na mama mkwe akavua kanga yake akamfunika. Jirani alifika akikimbia. Alimbeba mgongoni hadi barabarani bila kumwita Nuhu, na bodaboda mbili zilitupeleka kituo cha afya.

Walimwekea oksijeni. Alizinduka kabla jua halijatua. Mganga wa zamu alisema mkaa haunuki wakati unaua, ndiyo maana watu hawakimbii. Nilimwuliza kama dakika chache zingeleta tofauti. Alisema inawezekana, haiwezekani, hakuna anayejua. Aliniuliza zilikuwa dakika ngapi. Nilimwambia sijui, na huo ulikuwa uongo. Luva tano za mvule, nilizozikaza mwenyewe, hazitoki kwa dakika moja.

Wazee wa ukoo walikaa. Hawakunilaumu. Walisema mkwe ameingia pasipoingiwa na ameona kisichoonwa, hata kama ni kwa kuokoa, kwa hiyo kondoo aletwe. Kondoo aliletwa, akachinjwa, tukapakwa uchafu wa utumbo wake ili kusafisha mwiko, mimi na mzee tukiwa tumeketi tumepeana mgongo, tukala. Mmoja wao alinigusa bega akasema, "Limekwisha." Kwa upande wao lilikuwa limekwisha.

Mama mkwe alirudi kuzungumza nami kupitia binti yake, na hadi leo hajaacha.

Mzee sasa analala nyumbani. Anatembea, anakula, anamjibu jirani, ingawa jibu linachelewa na mara nyingine linakuja la swali la jana. Mikono haimtii kama zamani. Majina ya ng'ombe anayakumbuka. Mambo mengine yamemtoka, na hakuna anayeweza kusema ni uzee au ni mchana ule.

Tulipokwenda mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nimekaa sebuleni na shemeji zangu. Mlango wa chumbani ulifunguka nusu. "Mkwe," mzee aliita, "njoo unifunge vifungo, hii shati inanishinda."

Shemeji zangu waliinamisha macho. Yeye ndiye aliyeniambia nje ni kwangu na ndani ni kwake, na kwa sauti ile nilijua hakukumbuka kwamba kuna kitu kama hicho. Mke wangu alianza kuinuka aende yeye.

"Si wewe," mzee alisema. "Mkwe."

Safari hii sikungoja mtu mwingine aniambie niingie. Nilikwenda nikaingia, nikamfunga vifungo kuanzia chini, macho yangu kwenye mikono yangu. Alikuwa ananuka sabuni. Aliniuliza kama nimekuja na randa. Nilimwambia ndiyo, ingawa nilikuwa nimeiacha Ikoma.