Kifua cha Dionisi

Ukimtafuta Dionisi msimu wa ndege, usihangaike kwenda kwake Kibaoni. Utakuta mlango umefungwa kwa kipande cha waya na kuku wa jirani wamejilalia barazani. Mwenyewe yuko bondeni shambani, na kabla hujamwona utamsikia. Jamaa ana sauti, we acha tu. Akipiga ukelele kufukuza ndege, wavuvi kule mtoni wanageuka kuangalia nani anazama. Na kombeo lake ndiyo usiseme. Anaweka donge la udongo, anazungusha juu ya kichwa, kamba inalia paa! Kundi zima la kwelea kwelea linanyanyuka kama shuka lililokung'utwa.

Sasa mwaka ule wa Elinino, jamaa huyo huyo alimaliza msimu mzima bila kugusa kombeo. Na ukimuuliza leo ni mwaka gani alifanya kazi ya maana kuliko miaka yote, anakutajia huo huo.

Mvua zilianza mapema halafu zikagoma kukatika. Mpunga wa kwanza ulienda na maji, wote. Dionisi na mkewe Aurelia wakapanda upya, wamechelewa, tena kwa mbegu ya kuomba. Ile miezi ya katikati ndiyo ilikuwa kasheshe. Ghalani hamna kitu, mpunga mpya bado majani matupu, watu wanakula matembele bila ugali wanasema wameshiba. Aurelia alikuwa na mimba, na kliniki walishamwambia wako wawili. Lakini magugu hayajui kama una mimba. Akawa anapalilia maji yakimfika magotini, jioni homa inampanda, asubuhi anaamka anarudi shamba. Siku moja alikaa juu ya tuta akashindwa kunyanyuka. Viganja vilikuwa vyeupe utadhani ametoka kukanda unga.

"Mama, damu yako imeenda wapi?" Dionisi akamtania, maana kama asingetania angeogopa.

"Hawa watu wawili wanakula sahani moja," Aurelia akasema. "Na sahani yenyewe ndiyo mimi."

Watoto walikuja kabla ya wakati, hospitali kule mjini Ifakara. Wa kwanza, wa kiume, alikuwa mdogo. Wa pili, wa kike, alikuwa mdogo kiasi kwamba Dionisi alitafuta mtoto ndani ya kanga akadhani bado hajawekwa. Alipomwona, akamkumbuka yule mwingine. Miaka miwili nyuma walishazika mmoja wa namna hiyo. Alizaliwa huko huko shambani, akapoa tu mikononi mwa mama yake kama chai iliyosahauliwa. Hata jina hakupata.

Nesi wa wodi ile alikuwa mama mmoja mnene anaitwa Dativa, mtu wa maneno makavu. Aliwatazama watoto, akamtazama Aurelia, akamtazama na baba mtu.

"Hawa hawaumwi," akasema. "Wana baridi. Mtoto anajiwekea mafuta yake ya joto mwezi ule wa mwisho tumboni, na hawa mwezi huo hawakuukuta. Kwa hiyo wataazima joto kwenu. Ngozi kwa ngozi, kutwa kucha. Mama atakaa na huyu wa kiume." Halafu akamnyooshea Dionisi kidole. "Baba, vua shati."

"Mimi?"

"Kwani kuna baba mwingine tumwite?"

Wodi nzima ikacheka. Dionisi akavua shati, macho kayatupa dirishani. Dativa akamlaza mtoto kifuani pake, kichwa chini ya kidevu, miguu imekunjwa kama ya chura, akamfunga kwa kitenge. Mwanzoni Dionisi hakusikia kitu. Halafu akasikia: moyo mdogo unakimbia, unagonga juu ya moyo wake, kama kifaranga ndani ya mfuko. Akaacha kuangalia dirishani.

"Wadogo hivi wanasahau kupumua," Dativa akamwambia. "Kifua chako kikipanda na kushuka kinamkumbusha. Akinyamaza sana, msugue unyayo. Na uso wake uwe wazi muda wote, unanisikia? Uso wazi."

"Nimesikia, nesi."

Basi wakakaa wodini, mke kitanda hiki na Kulwa wa kiume, mume kwenye benchi na Doto wa kike. Mpaka ndugu mmoja akaja na habari kwamba ndege wameshuka bondeni. Na mwaka ule waliopanda upya walikuwa wachache, kwa hiyo ndege wote wa bonde walikuwa na mashamba machache ya kula.

Dionisi akamfuata Dativa. "Nesi, naomba nikaamie mpunga wangu, nifukuze ndege."

"Na Doto?"

"Naye."

"Umerukwa na akili."

"Sikiliza, nesi. Nikikaa hapa mpunga unaisha. Mpunga ukiisha, huyu mama atakula nini mpaka maziwa yatoke? Watoto hawa hawanyonyi hewa. Sasa nakuuliza, kifua changu kinafanya kazi humu wodini tu?"

Dativa akakaza fundo la kitenge kifuani pake. "Kifua ni kifua," akasema mwisho. Halafu akamwaga masharti. Walale ndani ya chandarua cha dawa. Mama ale vidonge vya damu bila kuruka. Kila Jumatatu waje wapimwe. Mtoto asishushwe chini hata kidogo. "Na hilo kombeo lenu uliache. Ukimrusharusha huyu mtoto, utanitambua."

Dionisi akaitikia, lakini alikuwa kama mtu aliyeambiwa asafiri aache mguu mmoja nyumbani.

Shambani akatafuta namna nyingine. Alifunga makopo matupu kwenye kamba, akazitandaza kamba juu ya mpunga pande zote, ncha zikaishia kwenye dungu, kile kichanja kirefu cha kulindia. Aurelia akakaa juu na Kulwa, anavuta kamba, makopo yanapiga kelele upande ule. Dionisi akawa anatembea juu ya matuta ya majaruba taratibu, Doto kifuani, anagonga debe kwa fimbo. Mtoto akawa halali mpaka asikie debe. Muda wa kula ukifika, Aurelia anajikamulia maziwa kwenye kikombe, wanamdondoshea Doto kwa kijiko, tone kwa tone, maana alikuwa hana nguvu ya kunyonya.

Na Aurelia naye alipata wa kumnyonyesha. Ng'ambo ya mfereji walikuwa wamehamia Wasukuma na ng'ombe zao. Mwaka uliopita ng'ombe hao walikula mpunga wa watu, ukawa ugomvi mkubwa. Mama mmoja wa kule, Minza, alisikia kuna pacha, akaja na kibuyu cha maziwa.

"Kulwa na Doto hao hapo," akasema, anawachungulia. "Shika, mwanangu."

"Nesi amekataza watoto kupewa maziwa ya ng'ombe, mama," Aurelia akasema kwa aibu.

"Nani amesema ya watoto? Kunywa wewe. Ng'ombe akunyonyeshe wewe, wewe wanyonyeshe wao." Akasimama pale pale mpaka kibuyu kikaisha.

Mambo yalikuwa yanakwenda, isipokuwa kitu kimoja. Dionisi alikuwa anaona haya. Mwanaume mzima, mwenye kombeo linalojulikana bonde zima, anatembea na mtoto kifuani na kitenge cha mke wake! Kwa hiyo alivaa koti kuukuu la marehemu baba yake. Jua linawaka, watu wote vifua wazi, yeye kavaa koti. Walipomuuliza akasema ana homa.

Jirani yake wa shamba la pili alikuwa Evod, mtu mwenye mdomo. Ukifanya kitu mbele ya Evod asubuhi, mchana kinajulikana mpaka kilabuni. Siku moja akavuka tuta, anakuja kuomba tumbaku. Dionisi akamwona amekaribia. Akafunga vifungo vyote mpaka juu, akasimamisha na kola.

"Homa yako hii ya koti haiishi?" Evod akamuuliza. "Na tumbo limekuja juu. Au una mimba ya kifuani?"

"Nina baridi, bwana. Nenda kaamie kwako."

"Kwangu ndege wamechoka. Hebu nipe tumbaku tupige stori."

Wakapiga stori. Evod akiongea haondoki. Dionisi anacheka huku mikono ameikunja juu ya koti, anaomba Mungu mtoto asilie. Na kweli mtoto hakulia. Evod aliposhuka tuta, ndipo Dionisi akashtuka: hajalia, hajajitikisa, na ule moyo wa kifaranga hausikii.

Alikata vifungo, hakuvifungua. Doto alikuwa amelegea, midomo imekuwa ya bluu. Akamsugua unyayo. Kimya. Akamgeuza, akamsugua mgongo, akamsugua unyayo tena kwa kidole gumba, kwa nguvu, anaita, "Doto! Doto! Wewe Doto!" kwa ile sauti yake ambayo wavuvi wanaijua. Aurelia akasimama juu ya dungu, kamba zikamponyoka. Kwelea kwelea wakashuka kwenye mpunga, kundi zima, wakaanza kula, na Dionisi alikuwa anawasikia wanavyotafuna, lakini hata kichwa hakuinua.

Mtoto akakunja mguu. Akavuta hewa, akakohoa, akalia.

Dionisi akakaa chini kwenye matope pale pale. Evod alikuwa amerudi mbio kwa zile kelele, amesimama juu ya tuta mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hauna neno.

"Kumbe..." akaanza.

"Ndiyo," Dionisi akasema. "Ni mtoto. Nilimficha kwa sababu yako, nusura nimuue. Kawaambie wote."

Evod hakwenda kuwaambia wote, siku ile. Aliokota debe akaenda kufukuza ndege wa Dionisi. Koti likavalishwa mti katikati ya shamba, likawa sanamu la kutishia ndege.

Kesho yake lakini mdomo wake ulishapona. "Mama Doto!" akapaza sauti kutoka kwake. "Leo unanyonyesha au unaamia?"

"Vyote!" Dionisi akamjibu, kifua mbele, uso wa mtoto wazi chini ya kidevu. "Wewe kimoja tu kinakushinda. Geuka nyuma uone ndege zako!"

Mashamba ya jirani yakaangua kicheko, na safari hii hachekwi yeye.

Mpunga waliovuna haukuwa mwingi. Ndege walichukua fungu lao, na mafuriko yalishachukua lake. Lakini kila Jumatatu jiwe la mzani lilisogea, na viganja vya Aurelia vikaanza kurudi rangi.

Halafu asubuhi moja Doto akabadilika. Dionisi alimfunga kama kawaida, mtoto akaanza kupiga mateke. Akatoa mkono nje, akatoa mguu. Akatoka jasho mpaka nywele zikalowa, akalia kwa hasira, hataki kijiko, hataki ziwa. Dionisi akamrudisha ndani ya kitenge, akatoka tena. Hakungoja kuvaa shati. Alikata mbio bondeni kote, akapita Kibaoni, akapita sokoni katikati, kifua wazi, watu wanampisha wanauliza kuna nini, mpaka wodini.

"Nesi, mwone! Anaungua!"

Dativa akamgusa mtoto shingoni, akamwangalia ulimi, akamwangalia macho. Doto akampiga teke mkononi. Nesi akacheka, yeye ambaye watu walidhani hajui kucheka.

"Hana homa. Ana joto lake mwenyewe sasa, baba. Hakuhitaji tena. Mfungue huyo mtoto."

Dionisi akafungua fundo la kitenge, polepole. Kifuani palikuwa na alama nyekundu ya shavu la mtoto.

Alipotoka alimkuta Aurelia anafika getini anahema, Kulwa mgongoni. "Ana nini? Baba Doto, ana nini mtoto?"

"Amenifukuza kazi," Dionisi akasema.

Wakarudi kwa kupita sokoni tena, ingawa njia ya nyuma ndiyo fupi. Hakuna mtu Ifakara aliyewahi kufukuzwa kazi akatembea vile: mchana kweupe, hana shati, mabega juu, mtoto kamlaza kwenye mkono mmoja, miguu iko nje inapiga hewa, na kila aliyeuliza alisimamishwa aonyeshwe.