Nilisugua vifungo vya cucu, mwingine akaitwa mwizi

Jumamosi, saa nane na dakika kumi mchana, kwa cucu, nyanya yangu, Kajiado.

Wakuu, naanza na saa kwa sababu niliangalia simu nikijua naguza kitu bila ruhusa. Mimi husoma tu nyuzi zenu, huwa sicomment. Leo naandika, na sitajipendelea.

Niko Form Three, tunaishi Kitengela. Nakusanya vifungo vya zamani. Vya mfupa, vya kombe, vya shaba, navitoa kwa makoti ya mitumba. Boksi mbili za viatu zimejaa. Mtu mwenye haya anafaa kuwa na hobby isiyoongea.

Cucu alikuwa fundi wa nguo. Siku hizi haoni. Yuko na mkebe wa majani chai wenye vifungo sita vya shaba, vya koti alilonunuliwa na guka, babu yangu, wakioana. Koti liliisha kitambo. Kwa kila kifungo kulikuwa na ndege wa rangi ya bluu, ameinuka kidogo juu ya shaba. Cucu huwapapasa na kidole gumba mpaka apate mdomo wa ndege, halafu anatulia.

Kuna mama wa Kiserian ananunua vitu vya zamani, tulikutana kwa group. Alisema nimtumie picha aniambie thamani.

Sasa vifungo vilikuwa vyeusi. Na sisi kwetu, sufuria nyeusi mbele ya mgeni ni aibu. Cucu akiwa amelala baada ya lunch, nilienda bomba la nyuma na steelwool na jivu. Nikasugua vile nimefunzwa kusugua sufuria.

Viling'aa sana. Ndege wakaisha, mmoja mmoja, na mimi nilikuwa naangalia kung'aa tu.

Saa tisa nikatuma picha. Jibu lilikuja haraka: "Mungu wangu, ule weusi ndio ulikuwa umri wake. Sasa ni shaba tu."

Nilivirudisha kwa mkebe nikafunga.

Saa kumi na moja cucu aliitisha mkebe. Akapapasa kimoja, akaweka chini. Akapapasa vyote.

"Hivi si vyangu," akasema. "Naserian, vifungo vyangu umepeleka wapi?"

Naserian ndiye humtunza. Miaka mitatu anamuogesha, anamtoa nje aote jua kila asubuhi. Yeye alidhani ni mzaha.

"Cucu, mimi navaa shuka. Nitafunga nini na vifungo?"

Cucu hakucheka. "Na ni nani mwingine yuko hapa? Huyu mtoto hata kuku anaogopa."

Cucu akampigia uncle, naye uncle akasema atakuja kesho asubuhi kumuuliza Naserian vizuri. Naserian hakungoja kuulizwa. Alileta begi yake akaimwaga kwa nyasi mbele yetu: shuka mbili, sabuni, Biblia, picha ya mtoto wake. Akarudisha kimoja kimoja.

Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai. Nilikinywa mpaka kikaisha, wakuu.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, nilimpata kwa geti na ile begi. Nikamwambia, "Ni mimi nilivisugua."

"Nilijua, nkerai," akasema. Hivyo ndivyo huniita, mtoto. "Jana vidole vyako vilikuwa na jivu. Nilikuwa nangoja useme."

Nikamwomba arudi ndani nikamwambie cucu. Akasema aliyemwita mwizi ni cucu, na aliyemwacha aitwe hivyo ni mimi, kwa hivyo hapo ndani hana mtu. Akafungua geti akaenda.

Nilirudi nikamwambia cucu kila kitu kabla uncle afike. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa nani atanitoa juani?"

Nikamshika mkono nikamtoa. Vifungo alikuwa amevishika, na kidole gumba bado kilikuwa kinatafuta.

Kwa wale wa vifungo: kitu cha zamani usikisugue, uliza kwanza. Hilo ni rahisi. Lingine ni kwamba mimi nilikuwa najisifu niko na haya, kumbe siku hiyo haya yangu ililipiwa na mtu mwingine.

Naserian hashiki simu yangu. Nyinyi mngeanzia wapi? Nitasoma zote, hata za kunikemea.