Sola Iliyovishwa Kitambaa

Juzi, kwenye duka la kubadilishia fedha Mikocheni, mwalimu mmoja wa chuo aliazima ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Akaweka chini yake kioo kilichopakwa unga mweupe wa madini adimu. Kioo kikawaka chekundu kama kaa. Foleni nzima tukasogea.

"Mwanga huu wa zambarau sola haiwezi kuula vizuri," alisema. "Unga huu ukipakwa juu ya sola unaugeuza mwekundu, hapo inaula."

Mama mmoja akatikisa kichwa. "Kumbe unaitafunia, kama bibi anavyomtafunia mjukuu. Basi nipakie na yangu kule Chamazi, hata redio haiwashi."

"Umeiweka wapi, mama?"

"Juu ya bati. Nimeifunika kitambaa cha kufuma, isishike vumbi."

Mwalimu akarudisha kioo mfukoni taratibu. Foleni ikacheka, ila mie sikuthubutu. Nyumbani kwangu redio, televisheni na friji, vyote vimevaa.